Waliokuwa Mezani: Historia ya Kalibu, Fundi na Mwanzilishi wa Kiwanda cha Viatu

Jumapili ya tarehe 6 Machi 2011, baada ya chakula cha mchana, kwenye meza ndefu ya sebuleni nyumbani kwa dada mkubwa wa marehemu, walikuwepo watu wafuatao. Alikuwepo marehemu mwenyewe, ambaye kiwandani na mtaani aliitwa Kalibu, amekaa upande wa dirisha kwa sababu ya kifua chake. Alikuwepo shemeji yake, mume wa dada yake na mkurugenzi mwenzake katika kampuni, anayeitwa Soko tangu ujana kwa vile hakuna kitu alichowahi kushindwa kukiuza, amekaa kichwani mwa meza kama ilivyo haki ya mwenye nyumba. Alikuwepo mke wa marehemu, kulia kwa mumewe. Alikuwepo mhasibu wa kampuni, aliyefika amechelewa, akaletewa kiti kutoka jikoni, akala peke yake wenzake wakiwa wamekwisha kunawa. Na alikuwepo dada huyo mkubwa, ambaye watoto wa ukoo mzima wanamwita Shangazi, amesimama, birika mkononi. Hakuwepo mtu mwingine.

Desturi ya kusoma historia kama hii ni kuanza na kuzaliwa, na familia ilikuwa tayari kufanya hivyo, lakini mwenyewe aliacha maagizo akiwa kitandani, mbele ya mkewe na binti yake wa kwanza. "Anzeni na waliokuwepo," alisema. "Kuzaliwa kwangu hakuna anayekubishia." Imefanywa kama alivyotaka, na sasa tunarudi kwenye utaratibu.

Kalibu alizaliwa tarehe 3 Juni 1947, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba wa fundi wa mabehewa na mkewe. Mama yao alifariki mwaka 1954, Kalibu akiwa na miaka saba, na dada yake, aliyekuwa na miaka kumi na minne na wa kwanza darasani kwake, aliacha shule bila kuambiwa na mtu, alivua sare, akaifua, akaikunja, akaenda kuwasha jiko. Ndiye aliyemlea. Ndiye aliyempeleka shule ya misheni Januari 1955, na mwalimu mkuu alipouliza mzazi wa mtoto yuko wapi, binti yule alijibu, "Mzazi ni mimi," na Kalibu aliwasimulia watoto wake jibu hilo mara nyingi kiasi kwamba walilijua kabla hajafungua kinywa.

Shuleni alisifiwa kwa mwandiko na hesabu, na alichapwa si mara moja kwa kushona viatu vya wenzake wakati wa sala. Alimaliza darasa la nane mwaka 1962, na mwaka uliofuata akaingia kujifunza kazi kwa fundi viatu aliyekuwa na kibanda mkabala na posta, mzee aliyejulikana kama Shazia, yaani ile sindano nene ya kushonea magunia, mkali wa maneno na mpole wa mkono. Mwaka 1966 aliajiriwa katika kiwanda kikubwa cha viatu, katika chumba cha kuchonga kalibu, yaani lile umbo la mti ambalo ngozi huvutwa juu yake ili ipate sura ya mguu, na huko ndiko alikopata jina lililomzidi nguvu jina lake la kuzaliwa. Mtu akiingia mlangoni, Kalibu hakumtazama usoni kwanza, alimtazama miguuni, na kabla hajaamkiwa alikuwa amekwisha kujua kiatu gani kinamfinya na wapi.

Hivyo ndivyo alivyompata mkewe, aliyekuwa karani wa posta na aliyeleta kiatu kilichokatika kisigino. Alipokuja kukichukua, fundi alimwambia, "Dada, mguu wako wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia," naye akajibu bila kupepesa macho, "Na mdomo wako ni mkubwa kuliko yote miwili." Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 7 Desemba 1974, Soko akiwa amesimama upande wa bwana harusi, akiwa amevaa viatu alivyoshonewa na bwana harusi mwenyewe. Wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza binti, ambaye ni mwalimu, wa pili na wa tatu wavulana, mmoja fundi umeme na mwingine dereva wa malori, na wa mwisho binti, muuguzi, ambao wote wapo hapa pamoja na wajukuu tisa.

Mwaka 1978 Kalibu na shemeji yake waliacha kazi walizokuwa nazo, wakafungua karakana yao, mmoja akashika ngozi na mwingine akashika wateja, na mwaka 1984 wakahamia katika jengo lenye ghorofa moja ambalo wengi mliopo mlifanya kazi ndani yake. Walitengeneza viatu vya shule, vya wauguzi, vya walinzi, vyeusi vyote, vigumu kuisha. Wapo hapa watu wazima waliovaa pea moja kutoka darasa la tano hadi la saba, kisha wakamwachia mdogo wao, na mauzo yalipopungua Soko alikuwa akimlaumu mwenzake kwa hilo. "Shemeji, utatuua na uimara wako," alisema. "Mwachie mtu sababu ya kurudi dukani." Wakacheka, na viatu vikaendelea kuwa vigumu.

Inafaa kueleza jinsi kampuni ile ilivyoongozwa, kwa kuwa ndipo jambo lote liliponing'inia. Kila Jumapili familia mbili zilikula pamoja kwa Shangazi, na baada ya chakula wakurugenzi wawili walizungumza mambo ya kazi, Shangazi akiwa ameshika birika, na chai haikumiminwa mpaka neno limekubaliwa. Wakibishana, birika lilikaa mkononi mwake. "Bishaneni tu," alikuwa akisema, "chai ikipoa mtakunywa maji ya bomba." Alipoona wote wawili wamelainika, aliuliza, "Limepita?" nao wakijibu limepita, alimimina, kwanza kwa mumewe, kisha kwa mdogo wake. Kwa njia hiyo walinunua mashine, waliajiri, walijenga, waliwapandisha vyeo watu na kuwastaafisha. Sheria ya makampuni inataka wakurugenzi waitwe mkutanoni kwa taarifa, na yanayoamuliwa yaandikwe, na mhasibu aliitimiza sheria hiyo kwa namna yake, aliketi kila Desemba, akaandika mihutasari ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja na kalamu moja, wakurugenzi wakatia sahihi bila kusoma. Hakuna aliyeona ubaya. Watu wa nyumba moja hawapelekeani taarifa ya kuja kula.

Kuanzia mwaka 2008 viatu vya bei ya chini kutoka nje vilijaa madukani, kampuni ilikuwa imekopa benki kwa ajili ya mashine mpya ya soli na kuweka jengo rehani, na mwanzoni mwa mwaka 2011 ilikuwa wazi kwamba haiwezi tena kulipa madeni yake. Kampuni ikifika hapo, wakurugenzi wenyewe wanaweza kukutana, wakakubaliana, na kumpeleka mahakamani msimamizi waliyemchagua, ambaye akipitishwa anashika uendeshaji, wadai wanazuiwa kwa muda, naye anajaribu kuiokoa. Wasipofanya hivyo, benki inakuja na msimamizi wake. Kalibu alimtaka mzee mmoja aliyewahi kufufua kiwanda cha kusindika ngozi kilichokuwa kimekwisha kufungwa. Benki ilikuwa na bwana mwingine, ambaye mafundi walimpa jina la Mnada, maana kila kampuni aliyoishika iliishia kugongewa nyundo.

Hilo ndilo lililozungumzwa mezani tarehe 6 Machi. Soko aliuliza, "Huyo mzee wako wa ngozi ataweza kweli?" Kalibu akajibu, "Ataweza. Mnada atatuuza mpaka vitasa vya milango." Mke wa marehemu akasema tusisahau mafundi, kuna watu pale hawajui mlango mwingine wa kugonga. Soko alinyoosha miguu chini ya meza, akasema, "Basi nenda mahakamani wewe, shemeji, mimi maneno ya kule yananitia usingizi. Lipite." Shangazi akauliza, "Limepita?" Wote wawili wakajibu limepita, chai ikamiminwa, mhasibu akaomba sukari.

Kesho yake Kalibu alikwenda kwa wakili, akala kiapo kwamba wakurugenzi wote wawili wamekutana na kuamua, na maombi yakapelekwa mahakamani. Haukupita mwezi, benki ikaweka pingamizi, na ndani ya pingamizi hilo mlikuwa na kiapo cha Soko, kinachosema kwamba hakukuwa na mkutano wowote, hakuitwa, hakukubali, Jumapili hiyo alikula akaenda kulala, na shemeji yake amejiamulia peke yake. Wakili alimpa Kalibu karatasi hizo kwenye ujia wa mahakama, na Kalibu alizisoma amesimama, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Labda hakusoma," alimwambia wakili. "Huyu huwa hasomi anachotia sahihi."

"Safari hii amesoma, mzee," wakili alijibu.

Shauri lilisikilizwa Julai 2011, katika chumba namba tatu, chenye madirisha yasiyofunguka na benchi zinazolia mtu akijigeuza, mafundi wakiwa wamejaa mpaka mlangoni. Mhasibu alisimama kwanza, akasema Jumapili zake zote zinafanana na hawezi kukumbuka hii ni ipi. Mke wa marehemu alieleza yote kama yalivyokuwa, na wakili wa benki hakumuuliza kitu, alimwambia tu jaji kwamba mke mwema lazima aone alichokiona mumewe. Kisha Kalibu mwenyewe aliulizwa mihutasari ya mkutano iko wapi, akasema huandikwa Desemba, akaulizwa taarifa ya mkutano iko wapi, akasema hazijawahi kuwepo, akaulizwa basi kilichopitisha maamuzi ni nini, akaeleza habari ya chai.

"Kwa hiyo," wakili wa benki aliuliza, "mahakama iamini kwamba kampuni yenye mamia ya wafanyakazi imeongozwa miaka yote hii na birika?"

Watu walicheka, na karani wa mahakama alicheka, na jaji alitazama chini. Kalibu aliwasubiri wamalize, kisha akamwambia wakili wake kwa sauti iliyosikika, "Muiteni dada. Dada hasemi uongo."

Wakili wake alikuwa amemwonya juu ya jambo hilo, kwamba yule ni mke wa mtu, na mumewe ameketi hatua chache kutoka pale atakaposimama, lakini Kalibu hakutaka kusikia. Shangazi akaitwa, akapanda kizimbani, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili.

"Mama, Jumapili ya tarehe sita Machi, mdogo wako na mumeo walizungumza habari za kampuni mezani kwako?"

"Siku hizo walizungumza mengi, mwanangu."

"Walikubaliana kumpeleka msimamizi mahakamani?"

"Mimi nilikuwa jikoni."

"Ulimimina chai?"

"Chai namimina kila siku. Hata wewe ukija nitakumiminia."

"Uliuliza kama limepita?"

Shangazi aliutazama mkoba wake. "Nilikuwa jikoni," alisema tena.

Kalibu alisimama na kusema, "Dada." Jaji alimwambia, "Keti, mzee," naye akaketi.

Uamuzi ulisomwa tarehe 19 Agosti 2011. Jaji alisema mkutano haukuthibitika, kwa hiyo ombi la wakurugenzi ni batili, msimamizi wa benki ndiye atakayeshika kampuni, na akaongeza sentensi moja ambayo marehemu aliishika kwa moyo na kuirudia neno kwa neno hadi mwisho wake, kwamba mwombaji "ameieleza mahakama jambo ambalo halikutokea, naye akijua kuwa halikutokea". Mtu aliyekuwa amepoteza kiwanda asubuhi hiyo alitoka mahakamani akizungumzia sentensi hiyo tu. Kiwanda, alimwambia mkewe, kilikuwa cha kupotea au kupona, kama mgonjwa. Lakini kuandikwa mwongo katika kitabu cha serikali, kwa jambo lililotokea, hilo hakulijulia dawa.

Mnada alibadilisha makufuli wiki hiyohiyo, akauza mashine, akauza ngozi, na kalibu za mti, zilizochongwa kwa mkono kwa muda wa miaka thelathini na zaidi, zikauzwa kwa gunia kama kuni. Februari 2012 jengo liliuzwa kwa kampuni mpya, mashine zikarudi ndani ya jengo lilelile kwa mlango uleule, kibao kipya kikapandishwa, na aliyeonekana kwenye dirisha la ghorofani, akiwa amekunja mikono ya shati, alikuwa Soko. Mhasibu alirudi kwenye kiti chake. Sehemu ndogo ya mafundi walichukuliwa tena, kwa mshahara mpungufu na bila utumishi wao wa zamani kuhesabiwa, na walioachwa nje walianza utani wao getini, kwamba mtu asipoonekana kazini, au akikwepa deni, au akimkimbia mkewe, basi "yuko jikoni".

Siku moja mwanamke aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kushona, anayeitwa Mama Cherehani, alimkuta marehemu barabarani, akamwamkia, kisha akashindwa kujizuia. "Mzee," alisema, "wewe uliyejua mguu wa kila mtu, wa shemeji yako hukuupima?" Kalibu alimjibu, "Huyo nilimtazama usoni. Ndipo nilipokosea." Walicheka wote wawili, na Mama Cherehani anasema alipofika nyumbani alilia.

Tangu hapo Kalibu alishona na kutengeneza viatu kwenye baraza ya nyumba yake, akawafundisha kazi vijana kadhaa wa mtaa, na Jumapili alikula nyumbani. Kwa dada yake hakukanyaga tena, wala dada yake hakuja, ingawa nyumba mbili hizo zinatenganishwa na barabara moja na duka la mkaa. Rufaa aliikata, ikakaa kwenye foleni mwaka baada ya mwaka. Kifua kilizidi kuanzia mwaka 2015, mapafu yakiwa yamechoshwa na gundi na vumbi la ngozi, na tarehe 11 Septemba 2018 alilazwa.

Jumapili ya tarehe 30 Septemba Shangazi alikuja hospitali, akiwa peke yake, akasimama mguuni pa kitanda. Binti mdogo wa marehemu alikuwepo na ndiye aliyetueleza.

"Mdogo wangu," Shangazi alisema.

"Kaa, Dada. Kiti kile kinayumba, chukua hiki."

Alikaa. Akasema, "Nilikuwa mezani."

"Najua."

"Nilimimina mimi."

"Najua, Dada. Si niliinywa?"

Akasema anataka kulisema hilo mbele ya majaji, kwamba umri umekwenda na hawezi kubaki na kitu kile kifuani. Wakili aliomba ruhusa, kwani si kawaida shahidi kusikilizwa upya kwenye rufaa, na mahakama, baada ya kubishiwa sana na upande wa pili, ilikubali kumsikiliza yeye peke yake. Wauguzi wa wodi wanasema zile zilikuwa siku ambazo mgonjwa wao alikula. Aliomba anyolewe. Alimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili, dereva wa teksi aliyevunjika nyonga, kesi yote tangu mwanzo, na yule dereva akawa anamuuliza kila asubuhi, "Mzee, bado siku ngapi tushinde?"

Jumanne ya tarehe 23 Oktoba 2018, mke wa marehemu alikwenda mahakamani, akakaa benchi la mbele. Majaji watatu waliingia, shahidi akaitwa, akaitwa tena kwa sauti ujiani, na wakili wa upande wa pili akasimama na kusema ameagizwa kuieleza mahakama kwamba mama huyo hajisikii vizuri, na kwamba hana la kuongeza juu ya aliyoyasema mwaka 2011. Jioni ya siku hiyo binti wa kwanza wa marehemu alipita mbele ya nyumba ya Shangazi na kumwona uani akianua nguo. Walitazamana. Shangazi alichukua beseni lake, akaingia ndani.

Mkewe hakumficha. Kalibu aliuliza, "Hakuja?" naye akajibu, "Hakuja," na dereva wa teksi kwenye kitanda cha pili akageukia ukutani.

Wakili alifika wodini siku ya tatu yake, akasema bado kuna njia, ataomba hati ya kumleta shahidi kwa lazima, na asipokuja mwenyewe askari watamfuata nyumbani.

"Watamshika mkono?" Kalibu aliuliza.

"Ikibidi, mzee."

"Hapana. Dada yangu haletwi na askari."

"Bila yeye hatuna rufaa. Ile sentensi itabaki pale ilipo, utabaki umeandikwa hivyo."

"Nitabaki."

"Nifute?"

"Futa."

Hakusema kwamba amemsamehe dada yake, na historia hii haitamsemea. Alichomwambia mkewe usiku ule ni kwamba yeye hamlaumu jaji, kwa kuwa jaji hakuwepo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, ambao walimpa hewa na utani kwa kipimo kilekile, inawashukuru majirani waliobeba maji na kuni na kulala hapa nyumbani, inamshukuru wakili, ambaye kwa miaka ya mwisho hakudai malipo yoyote, inawashukuru mafundi wote wa kiwanda, walioachwa na waliorudishwa, ambao tunajua leo si siku ya mapumziko na baadhi yao wamekuja bila ruhusa. Uongozi wa kampuni mpya umeleta shada la maua, nalo limepokelewa. Shangazi ameketi mstari wa kwanza, mahali pa mzazi, kwa kuwa marehemu aliagiza asikae penginepo.

Kapumzike, Kalibu, kazi ya mikono yako bado iko miguuni mwa watu.

Ombi la kuifuta rufaa lilipokelewa na mahakama Jumatatu, tarehe 5 Novemba 2018. Kalibu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 8.